Gunia Lenye Joto

Mkono uliingia ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, ukatulia humo.

Juu ya gunia maua yalikuwa makavu kabisa. Ukiyashika yanachakarika kama majani ya mahindi yaliyosahaulika shambani. Ilikuwa asubuhi ya ukungu huko Umalila, mkoani Mbeya, zile asubuhi ambazo hata kilima cha jirani hakionekani, na watu walikuwa wamejikunyata ndani ya makoti wakisubiri zamu yao kwenye mizani ya pareto, maua yanayotoa dawa ya kuua wadudu. Mpokeaji akautoa mkono, akanusa vidole, akamtazama mwenye gunia.

"Mama, huku ndani kuna joto."

"Joto gani, mwanangu? Yamekaa juani siku nne. Siku nne nzima!"

Wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Hilo ndilo lililonikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Jua la siku nne lilikuwapo, kila mtu kijijini aliliona. Joto la ndani ya gunia nalo lilikuwapo. Maua yaliyokauka sawasawa hayatoi joto. Gunia likipata joto peke yake kivulini, ujue kuna kitu hai kinapumua humo ndani. Basi kazi ya siku nne iliharibikia wapi?

Petali huwahi

Ua la pareto lina sehemu tatu, na hazikauki kwa mwendo mmoja.

Petali ni nyembamba kama karatasi ya sigara, mchana mmoja wa jua unazitosha. Kiini cha njano, kilichobanana vijiua vidogo vingi, kinataka siku mbili au tatu. Chini yake kuna kitako, kile kibonge cha kijani kinachoshika ua zima, na hicho ndicho cha mwisho kuachia maji. Anayepima ukavu kwa kusikiliza mlio wa petali anapima sehemu iliyokauka tangu juzi.

Kibaya zaidi, mali yenyewe haiko kwenye petali. Sumu ya pareto, ile ambayo maabara huiita pairethrini, sehemu yake kubwa sana imo kwenye vibegu, yaani mbegu ndogo ndogo, vilivyojipanga ndani ya kiini, juu kidogo tu ya kitako. Palipo na maji ya mwisho ndipo palipo na pesa.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza kifanyike kwa ukucha. Chagua maua kumi makubwa kutoka katikati ya chanja, pale yalipolundikana zaidi. Ya pembeni huwahi kukauka, yatakupotosha. Vunja kitako cha kila moja. Kikavu kinakatika na kuacha vumbi kidoleni. Kibichi kinapinda, au kinabonyea kama nta. Hata mawili tu kati ya kumi yakibonyea, chanja zima lirudi juani.

Sasa fikiria maua yenye petali kavu na vitako vibichi yakifungwa kwenye gunia. Maji hayakai mahali pamoja. Yanatoka kwenye kitako, yanaingia kwenye hewa iliyo kati ya maua, kisha petali zinayanywa. Maua yaliyochakarika Jumanne yanalegea Alhamisi, na hakuna aliyeyamwagia tone. Katikati ya gunia, ambako upepo haufiki, fangasi wanaanza kazi. Nao wakila wanapumua, na wakipumua wanatoa joto pamoja na maji mapya. Maji hayo yanawaongezea nguvu, nao wanaongeza joto. Ndiyo maana kingo za gunia huwa za baridi na kavu wakati moyo wake unavunda.

Kiswahili kimewapa jina moja wote wawili. Ule unaoshuka milimani alfajiri ni ukungu, na ule unaoota kwenye maua na mahindi ni ukungu. Sijui kama wazee walikusudia, lakini kwa mkulima wa pareto jina hilo moja ni elimu tosha: wa kwanza ukiingia ghalani, wa pili uko nyuma yake.

Saa sita tu

Maua yanaachia maji pale tu hewa iliyoyazunguka inapokuwa na nafasi ya kuyapokea. Hewa ikijaa, hata jua liwe linaonekana, hakuna kinachotoka.

Chukua asubuhi ya kawaida ya nyanda za juu, nyuzi 10, ukungu umetanda. Hewa hiyo imejaa mvuke asilimia 100. Ikipashwa hadi nyuzi 20 bila kuongezwa maji, unyevunyevu wake unashuka hadi asilimia 53 hivi. Ikifika nyuzi 30, unabaki kama asilimia 29. Maji yaliyomo ni yale yale, ila hewa imepata nafasi. Jioni mambo yanageuka: joto linashuka, nafasi inajaa, na maua yaliyokuwa yanatoa maji yanaanza kuyanywa.

Katika maeneo mengi ya Umalila, Mufindi na Kilolo, saa za kuanika kweli ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Ukitandaza saa moja asubuhi ili uwahi shamba, unayanywesha maua umande. Ukiyaacha hadi magharibi, unarudisha sehemu ya ulichokitoa mchana. Najua kwa nini inatokea. Watu wako shambani, wanaorudi nyumbani mapema ni watoto wa shule. Basi kazi ya kufunika iwe ya mtu anayejulikana, na saa yake ijulikane. Saa kumi na nusu chanja ziwe zimefunikwa au zimeingizwa ndani, hata kama jua bado ni tamu.

Nafasi ya hewa peke yake haitoshi, hewa lazima ibadilike. Kilo 10 za maua mabichi zina maji ya kutoa kama kilo 7 na nusu. Mita moja ya ujazo ya ile hewa ya asubuhi, ikishapashwa hadi nyuzi 30, inaweza kubeba gramu tano hivi tu kabla haijapoa na kushiba tena. Piga hesabu: zaidi ya mita za ujazo 1,000 za hewa lazima zipite juu ya zile kilo 10. Ni hewa ya vyumba zaidi ya thelathini vya kawaida.

Hapo ndipo chumba kilichofungwa madirisha na kuwashwa jiko kinaposhindwa. Kina joto lakini hakina pa kutolea mvuke, na maua yanachemka polepole badala ya kukauka.

Chanja na turubai

Turubai lililotandazwa chini lina kasoro mbili. Mvuke unaoshuka chini ya maua hauna pa kupitia, na ardhi nayo inapumua unyevu usiku kucha. Maua ya chini yanakuwa ya kahawia wakati ya juu yanameremeta.

Chanja inatakiwa iwe juu ya ardhi kiasi cha mita moja, ili upepo upite chini na juu. Upana wa mita moja unatosha, usiwe zaidi, kwa sababu mkono lazima ufike katikati wakati wa kugeuza. Kitanda kiwe cha wavu wenye matundu madogo au cha gunia la katani lililokunjuliwa na kukazwa. Maua mabichi yatandazwe kwa kina kisichozidi sentimita 3. Siku ya kwanza yageuzwe kila saa moja na nusu hivi, kwa viganja, bila kuyafikicha. Siku zinazofuata mara tatu kwa siku zinatosha, na kadiri yanavyokauka ndivyo mkono uwe mwepesi zaidi, maana kiini kikavu kinapukutisha vibegu.

Vumbi linalobaki chini ya chanja ni vibegu hivyo. Tandika kitambaa safi chini ya wavu kuanzia siku ya tatu ukinge.

Maua yachumwe umande ukishakwisha, yawekwe kwenye kikapu au tenga, na yatandazwe siku hiyo hiyo. Mfuko wa plastiki haufai hata kwa safari ya kutoka shambani. Ua bichi bado linapumua, na likibanwa na wenzake kwa saa chache linapata joto na kugeuka rangi kabla hata halijaona chanja. Vumbi la pareto linawasha ngozi na pua za watu wengine, kwa hiyo jifunge kitambaa puani wakati wa kugeuza, na usianike jikoni wala chumba cha kulala.

Jua au kivuli?

Hapa nimeyumba sana.

Pairethrini inavunjwa na mwanga. Sifa hiyo ndiyo iliyoipa pareto heshima duniani: ukipulizia shambani, baada ya muda mfupi wa jua sumu imeisha na mboga zinabaki salama. Lakini jua haliulizi kama ua liko kwenye chupa ya dawa au kwenye chanja. Mtu anaweza kusema basi, tuanike kivulini tu.

Kwenye ukavu wa Julai, upepo ukivuma, kivuli kinafaa kabisa. Kwenye ukungu wa Mufindi, au mvua zinapoanza Novemba huku raundi ya uchumaji imefika, kivuli ni kuchelewa, na kuchelewa ni kuvunda. Pareto haina msimu mmoja mfupi. Maua yanarudi kila baada ya wiki mbili hadi tatu, na raundi nyingine zinaangukia hali mbaya ya hewa utake usitake.

Msimamo wangu ni huu. Ua zima linaficha sumu yake ndani ya kiini, haliko wazi kama unga uliosagwa. Siku ya kwanza na ya pili lipewe jua lote linalopatikana, maana ndizo siku ambazo maji mengi yanatakiwa kutoka na ndizo siku ambazo fangasi wanawania. Viini vikishaanza kuwa vigumu, hamishia chini ya paa lenye upepo. Na yakishakauka yaondolewe juani mara moja. Ile tabia ya kuyaacha siku moja zaidi "kwa usalama" inachoma sumu bila kuongeza chochote.

Gramu kumi na tano

Mkono wa mzoefu unajua mengi. Lakini kuna tofauti ambayo haiwezi kuihisi.

Tenga chano kidogo cha sampuli kwenye kila raundi. Tandaza humo gramu 1,000 za maua mabichi, lianikwe pamoja na mengine, katikati yao, kwa kina kilekile. Lipime kila jioni kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Kama maua yalikuwa na maji asilimia 78, ambayo ni hali ya kawaida kwa ua lililochumwa bila umande, ndani ya kilo ile kuna gramu 220 tu za ua lenyewe, mengine yote ni maji.

Sampuli ikifika gramu 500, bado zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Ikifika gramu 300, maji ni asilimia 27, na hapa ndipo petali zinapoanza kuimba na watu wanapoanza kutafuta magunia. Ikifika gramu 260, maji ni asilimia 15. Ikifika gramu 245, ni asilimia 10, pale tunapopataka.

Kutoka hatari hadi salama ni gramu 15 kwa kila kilo uliyochuma. Hakuna kiganja kinachoweza kuzipima.

Ikiwa jioni ya siku ya pili sampuli bado iko juu ya gramu 500, usingoje kuona kesho itakuwaje. Punguza kina cha maua hadi nusu, ongeza chanja, au peleka kwenye moto, na moto una kanuni zake nitakazozieleza.

Gramu 245 si sheria ya Musa. Ua lililochumwa baada ya mvua lina maji zaidi, na ua lililokomaa sana lina machache. Kutegemea hali ya ua, kilo moja mbichi inaweza kuishia kwenye gramu 222 au kwenye gramu 278, na zote zikawa kavu sawasawa. Ukitaka uhakika, chukua gramu 100 za maua unayodhani yamekauka, yaponde, yaweke kwenye kopo juu ya sufuria ya mchanga wa moto wa wastani, nje ya nyumba, na uyapime kila baada ya nusu saa bila kuyaunguza. Uzito ukigoma kushuka, soma. Zikibaki gramu 88, maua yako yana maji asilimia 12. Zikibaki 90, funga kazi. Sampuli hiyo itupwe, na kopo hilo lisirudi jikoni.

Chumvi inasema nusu ya ukweli

Wengi wanakijua kipimo cha chumvi kutokana na mahindi. Chupa kavu ya kioo, kiganja cha nafaka, kijiko cha chumvi kavu, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mzigo ni mbichi. Isipoganda, hifadhi.

Nilikiamini kipimo hiki kwa maua pia, hadi nilipofikiria kwa nini chumvi inaganda.

Chumvi ya mezani inaanza kuvuta maji pale unyevunyevu wa hewa inayoizunguka unapofika asilimia 75. Chini ya hapo inakaa kimya. Lakini fangasi wavumilivu, wale wanaopenda bidhaa kavu, hawangoji 75. Wanaweza kuanza taratibu kwenye 65 hadi 70. Kwa hiyo chumvi ikiganda, iamini, mzigo ni mbichi. Isipoganda, imekuambia tu kwamba hujavuka 75. Kati ya 65 na 75 kuna ukanda mzima ambao chumvi haiuoni, na gunia la Umalila nadhani lilikuwa humo siku lilipofungwa.

Kipimo kidogo cha unyevu wa hewa, haigromita ya kidijiti, kinauona. Ni kidogo kuliko kiberiti na kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya vifaranga. Tatizo lake ni kwamba vya bei ndogo vinaweza kukosea kwa asilimia tano au zaidi, na hapo chumvi inarudi kutusaidia kwa njia nyingine. Weka chumvi kwenye kifuniko cha chupa ya soda, iloweshe kwa matone machache ya maji hadi iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Kiweke pamoja na haigromita ndani ya chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, mahali penye joto lisilobadilika, kwa muda wa saa kumi na mbili. Humo ndani hewa itatulia kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 70, andika mgongoni mwake kwa kalamu: ongeza 5. Kikisoma 79, punguza 4.

Kisha kazi yenyewe. Jaza chupa safi robo tatu kwa maua unayodhani yamekauka, zika haigromita katikati yao, funga, weka kivulini saa 24. Ikisoma 60 au chini, maua yanaweza kufungwa. Kati ya 60 na 65, yarudishie jua la mchana mmoja. Juu ya 65 bado una kazi. Mimi ningelenga 55, ili kosa la kipimo lisinile.

Zile saa 24 ndizo kiini cha jambo zima.

Usiku mmoja wa kupumzika

Maua yaliyopimwa saa tisa alasiri, yakiwa bado na moto wa jua, yatasoma makavu kila mara. Petali zimetoa kila kitu, kitako bado hakijasema. Lazima uyafungie mahali pamoja, giza, ili maji ya ndani yapate muda wa kutoka nje na kujionyesha.

Kwa hiyo siku unayodhani ni ya mwisho, usifunge magunia ya kuuza. Kusanya maua yakishapoa, yaweke kwenye sanduku la mbao au gunia safi, usijaze zaidi ya nusu, uyafunike na kuyalaza ndani usiku huo. Asubuhi ingiza mkono hadi chini. Sikiliza petali. Kama zimelegea kuliko jana, maji yametoka kitakoni na yamekuonyesha hali halisi. Yatandaze saa nne asubuhi, kina cha sentimita 2, saa mbili au tatu zinatosha. Laza tena. Kwa kawaida mizunguko miwili inamaliza, wakati wa ukungu mkali hata minne.

Inaonekana kama kurudia kazi. Ukweli ni kwamba saa mbili za jua baada ya kulazwa zinatoa maji ya ndani ambayo siku nzima ya jua mfululizo haikuyafikia, kwa sababu sasa yamesogea karibu na uso wa ua.

Yule mama alianika siku nne mfululizo na kufunga jioni ya siku ya nne, maua yakiwa na moto wa jua. Kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa usiku mmoja.

Moto

Kuna wiki ambazo jua halitokei kabisa. Hapo moto ni halali, lakini una masharti.

Moshi usiguse maua. Jiko liwe nje, na joto lipitishwe ndani kwa bomba la bati linalotoka upande wa pili kama dohani. Kuna sababu nyingine zaidi ya harufu: kuni zenyewe zinatoa maji. Kila kilo ya kuni zilizokauka vizuri, ikiungua, inaachia zaidi ya nusu kilo ya mvuke. Gesi ya kupikia ni mbaya zaidi kwa kazi hii, kilo moja inazaa karibu kilo moja na nusu ya maji au zaidi. Ukiwasha jiko la gesi katikati ya chumba cha maua, unayamwagilia.

Mkaa una mvuke kidogo, lakini una hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtu asilale wala kukesha kwenye chumba chenye mkaa kwa ajili ya kugeuza maua. Watu wanakufa hivyo kila mwaka wakati wa baridi, na pareto haistahili bei hiyo.

Weka tundu la kuingizia hewa chini upande mmoja na tundu kubwa zaidi la kutolea juu upande wa pili. Joto kwenye maua lisizidi nyuzi 50, maana joto kali nalo linavunja sumu. Kipimajoto kining'inizwe pale maua yalipo, kwenye chanja la chini kabisa lililo karibu na bomba, ambako ndiko kunakoungua kwanza. Banda la nailoni linalotumia jua lifuate kanuni hiyo hiyo ya matundu, isipokuwa saa kumi na moja jioni matundu yote yafungwe, vinginevyo hewa ya usiku inaingia na kulala na maua.

Unyevu una bei

Kuna jambo linalosemwa kwa kunong'ona kwenye foleni, nami nalisema hapa wazi. Maua mabichi ni mazito.

Gunia la kilo 100 lenye maji asilimia 10, likiachwa kwenye asilimia 14, lingepima kilo 104 na nusu hivi. Kilo nne na nusu za maji zinalipwa kama maua. Na upande wa pili, anayekausha kupita kiasi hadi asilimia 6 anapeleka kilo 95 na nusu hivi, amepoteza zaidi ya kilo nne, na vibegu vimepukutika njiani. Kwa mwenye ada ya shule ya kulipa, kishawishi hicho kina uzito wake, na sitamhukumu mtu.

Lakini pareto inalipwa pia kwa kiwango cha sumu, na sumu inapimwa kwenye maua yaliyofika kiwandani Mafinga, siyo yaliyoondoka Umalila. Kati ya hapo kuna siku kadhaa za gunia kukaa, kupakiwa, kubanwa na mengine, kupigwa na ukungu wa njiani. Zile kilo nne za maji zinasafiri na kula kila kitu.

Ninachokitamani zaidi ni kuona mkulima akifika kwenye mizani na namba yake mkononi. Siku hizi mkono wa mpokeaji ndio hakimu pekee, na mwenye gunia hana cha kujibu zaidi ya kuhesabu siku za jua. Chupa na haigromita vingekaa mezani kati yao, na ubishi ungeishia kwenye kioo. Kikundi cha familia kumi kinaweza kuchangia mizani moja na vipimo vitatu bila kuumia.

Ghalani

Gunia la katani au la pamba linapumua, na hiyo ni sifa nzuri kwa wiki moja ya ukavu. Wakati wa mvua linapumua kwa upande wetu mbaya, linavuta unyevu wa ghala usiku kucha. Maua ya kukaa zaidi ya wiki mbili kipindi cha masika yafungwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile ya kuhifadhia mahindi, baada ya chupa kusema 60 au chini. Mfuko huo ukifunga maua mabichi hakuna gunia baya kuliko hilo. Mchana bati linapasha juu, mvuke unapanda, usiku unaganda ndani ya plastiki na kudondokea maua ya juu. Ukiona matone ndani ya mfuko, usisubiri kesho.

Panga juu ya chaga, kiasi cha kiganja na nusu kutoka sakafuni, na uache nafasi ya mtu kupita kati ya mzigo na ukuta. Sakafu ya saruji inatoa jasho kama udongo. Chumba kiwe na giza. Acha haigromita moja ndani ya mfuko mmoja wa katikati na uisome kila wiki. Namba ikipanda kwa tano, mfuko huo ufunguliwe.

Gunia likishapata joto

Mwage papo hapo. Hata kama ni usiku, hata kama mvua inanyesha, mwage ndani ya nyumba juu ya mkeka, kina kisichozidi sentimita 2, na ufungue dirisha la upande wa upepo.

Usichanganye. Ya kingoni yaliyobaki makavu yawekwe upande wake, ya katikati upande wake. Ya katikati yachambuliwe kwa mwanga wa kutosha: yenye utando mweupe au wa kijani, na yaliyoshikamana kama donge, yatolewe yote yakafukiwe mbali na mabwawa ya samaki na mizinga ya nyuki. Kuyaanika hakuyaokoi. Ukungu unakauka, hauondoki, na ukichanganya unapeleka mbegu yake kwenye gunia zima. Yaliyolegea tu bila utando, yenye harufu ya majani makavu na siyo ya uvundo, yaanikwe kuanzia saa nne asubuhi, yalazwe, yapimwe kwenye chupa, na yauzwe peke yake mapema.

Gunia lenyewe ligeuzwe ndani nje, likung'utwe mbali na chanja, lichemshwe kama ni la kitambaa, na likae juani siku nzima kabla halijatiwa maua mengine.